Siye wa Laiti

Msiniulize Mize binti Haji alifikaje Laiti, maana hata mwenyewe akiulizwa husonya tu. Jueni kwamba alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, mwanamke wa makamo mwenye sauti kali na subira fupi, na kwamba nchi mbili jirani, Laiti na Tupo, zilimwita awachezeshee mechi yao kwa sababu kila upande haukumwamini mwamuzi wa upande wa pili. Alikwenda na filimbi na kadi zake. Alirudi na hasira ambayo mpaka leo haijamtoka, na mimi niliyesimuliwa nimeambukizwa, kwa hiyo mnivumilie.

Aliyempokea alikuwa Mheshimiwa Vuai, Waziri wa Yaliyopita, ambaye huko Laiti ndiye mkubwa kuliko mawaziri wote. Waziri wa mambo yajayo waliwahi kuwa naye, akastaafishwa kwa kukosa kazi. Vuai alikuwa mtu mnene, mpole, macho yamemvimba kwa kulia. Alimshika Mize mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Laiti ungalikuja jana!" akasema.

Mize akashtuka. "Kwani mechi si leo, mheshimiwa?"

"Ni leo."

"Sasa jana ningalifanya nini?"

Vuai akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umeitikia vizuri sana. Wageni wengi huwachukua muda mrefu kujifunza."

Kumbe ile ndiyo salamu yao. Watu wa Laiti huanza kumfundisha mtoto kusema "ningali" kabla hajajua kusema "nina". Kusema "nitakwenda" mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu. Na mtu akisema "nilikwenda" hivihivi, bila kuongeza kwamba angalikwenda kwingine ingalikuwa bora zaidi, hushtakiwa kwa kosa linaloitwa Kukubali, na hufungiwa chumbani na wataalamu wawili mpaka ajute jambo. Mize alidhani anataniwa. Baadaye aliwaona wataalamu wenyewe, wamekaa kivulini, wanajutia kazi waliyoichagua.

Vuai akampeleka uwanjani. Ulikuwa uwanja mzuri, una majukwaa pande zote, na watu walikwisha kujaa ingawa saa ya mechi ilikuwa bado. Lakini Mize alisimama mlangoni akakodoa macho, maana viti vyote viligeuzwa nyuma. Mashabiki walikuwa wameupa uwanja visogo. Walikuwa wakitazama ukuta mrefu uliozunguka majukwaa, na mbele ya ukuta ule waigizaji walikuwa wakiigiza jambo huku watu wakipiga makofi ya huzuni. Nyuma yao, penye nyasi na magoli, hapakuwa na jicho hata moja.

"Wanatazama nini?" Mize akauliza.

"Siku ya Zamu," Vuai akajibu, akafuta machozi.

Akaeleza. Kila baada ya mavuno, vijana waliofikia umri wa kucheza, wa Laiti na wa Tupo kwa pamoja, husimama kwenye mstari mmoja, na nchi huwachagua kwa zamu, mmoja huku, mmoja kule. Mwaka unaoliliwa, zamu ya kwanza iliwaangukia Laiti. Walikuwapo vijana wawili waliosifika, wote wazaliwa wa Laiti. Laiti wakamchukua mmoja. Tupo wakamchukua aliyebaki, jina lake Ubwa. Ubwa akaenda akafunga magoli, akafunga tena, na tangu hapo Laiti nzima haijapata usingizi wa maana. Kila siku wanaigiza uteuzi ule mbele ya ukuta, na kila siku watu wanapiga kelele, "Huyo mwingine! Chukua huyo mwingine!" Na kila siku mwigizaji anamchukua yuleyule.

"Na huyo mliyemchukua nyinyi?"

"Nani?"

"Huyo wa kwanza, mheshimiwa."

"Aa," Vuai akasema, kana kwamba ameulizwa habari za kiatu kilichopotea. "Siye."

Sasa Mize ametoka kwenye watu ambao wakisema "siye" humaanisha "sisi". Akadhani waziri anamwambia, ni sisi. Akamtazama tumbo, akamtazama miguu, akajizuia kucheka. Ilibidi Vuai amfafanulie kwamba Siye ndilo jina la mtu huyo kwa mujibu wa sheria: si yeye, si yule waliyemtaka. Alikuwa na jina jingine zamani, lakini huko Laiti aliyechaguliwa badala ya mwingine hunyang'anywa jina, asije akasahau.

Mize akashuka peke yake mpaka kwenye nyasi. Kwenye goli la mbali palikuwa na mwanamume mmoja amevaa jezi ya Laiti, anachezea mpira. Mize amechezesha mechi nyingi, amewaona wazuri na wanaojidai wazuri, na hasemi sifa ovyo. Mwenyewe aliniambia kwamba alipomwona yule mtu akiutuliza mpira kwa kifua, akauzungusha, akaupiga ukapinda na kuingia pembeni kabisa mwa goli, alijikuta amesema "Mama yangu!" kwa sauti. Jukwaani hakuna aliyegeuka.

"Wewe ndiye Siye?"

"Naitwa Machano," yule mtu akasema, kisha akaangalia huku na huku. "Lakini usilitaje, dada, watakufungia na wale wataalamu."

Wakakaa kando ya mlingoti wa goli. Machano alikuwa amekaribia umri ambao wachezaji wengi hutundika viatu, nywele zimeanza kumrudi nyuma kidogo, lakini miguu yake ilikuwa bado mizima. Mize akamwuliza amefunga magoli mangapi kwenye mechi.

"Sijawahi kucheza mechi."

"Hujawahi?"

"Hapana. Sheria inasema mechi haianzi mpaka Kosa, yaani uteuzi ule, liishe kuamuliwa kwanza. Tupo wanakuja kila msimu, wanapasha misuli, wanangoja, jua linazama, wanapewa ushindi wanakwenda zao. Na watu wetu wanasema, mnaona? Tumefungwa tena kwa sababu hatuna Ubwa."

Mize akahisi damu inampanda. "Sasa wamejuaje kwamba wewe si bora kuliko Ubwa, na hawajakuona?"

"Nilimwuliza waziri swali hilohilo. Akaniambia, ungalikuwa bora tungalijua." Machano akacheka. "Bibi yangu ni mtu wa pwani kama wewe. Kwake yeye siye ni sisi. Basi wakiniita hivyo, najifanya nimesikia alivyokuwa akisema bibi. Inasaidia, siku nyingine."

"Unataka nini, Machano?"

"Nataka kucheza. Mara moja tu, na jezi hii, watu wa kwetu wakinitazama. Wakisha kuniona wakasema sifai, nitakubali, nitakwenda kulima. Lakini wanione kwanza." Akaukandamiza mpira kwa unyayo. "Miguu haiwangojei wao, dada. Msimu ujao sidhani."

Mize aliinuka amekunja uso. "Leo utacheza," akamwambia. "Mwenye filimbi ni mimi."

Saa ya mechi ilipofika, timu ya Tupo ilikwisha kuingia uwanjani, imetulia, inakula machungwa. Baraza likafunguliwa kule ukutani. Mize akapanda jukwaani na saa yake mkononi, akaomba mechi ianze. Wakamwambia asubiri kidogo, wana hoja chache tu.

Alisimama mama mmoja muuza vitumbua. "Laiti tungalimchukua Ubwa," akasema, "mume wangu asingaliniacha."

"Ubwa na mumeo wapi na wapi, mama?" Mize akauliza.

"Mume wangu alikuwa kila jioni hapahapa anajuta, mwanangu. Nikachoka kulala na mlango wazi, nikaufunga, akaenda zake. Ingalikuwa tumemchukua Ubwa, angalikuwa nyumbani."

Umati ukaitikia "Laiti!" kwa pamoja mpaka ukuta ukatikisika. Akainuka mwalimu mmoja mwembamba, akathibitisha kwa maneno mazito kwamba hata mvua zimepungua tangu Ubwa aondoke. Mwingine akapinga vikali, akasema mnakosea nyote, kosa lenyewe lilitendeka kabla ya Kosa: Laiti wasingalikubali kuchagua wa kwanza, wangalijiachia zamu ya pili, basi Tupo wangalikosea kwa niaba yao. Wakashangilia hoja hiyo kuliko zote, ikapelekwa kwenye kamati. Jua nalo lilikuwa linakwenda zake. Mize aliona kivuli cha mlingoti wa goli kinarefuka, na Machano amesimama kwenye mstari wa katikati, mikono kiunoni, anangoja kama alivyongoja miaka yote.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kila mtu pale amevaa kibandiko kifuani, kimeandikwa NILISEMA.

"Mlisema nini?" akamwuliza Vuai.

"Kila mmoja wetu alisema, siku ileile, kwamba achukuliwe Ubwa. Ni chama chetu. Watu wazima wote ni wanachama."

"Wote?"

"Wote, Bi Mize. Mimi mwenyekiti."

"Haya. Kama nyote mlisema Ubwa, aliyemchagua Machano ni nani?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Kwanza kwa sababu ametaja jina, na pili kwa sababu swali lenyewe hawajawahi kuulizwa. Machano alikuwa amesikia jina lake, akaja mpaka chini ya jukwaa, jasho linamtiririka.

"Mlinichagua nyinyi," akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilifika. "Mliimba. Mlinibeba mabegani kutoka kwenye mstari mpaka kwetu, bibi yangu akawapikia wali. Mama muuza vitumbua, ulinifunga kilemba. Na wewe mheshimiwa Vuai ulinishika mguu wa kushoto, ukasema hutauachia mguu huu maisha yako yote. Ubwa alibaki amesimama pale peke yake analia. Nilimwona mimi. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwangalia."

Kelele zilizozuka hapo hazielezeki. Si kwamba walimpinga, la. Walishtushwa na namna alivyosema. Mlinichagua, mlinibeba, ulinishika: maneno matupu ya yaliyotokea, bila "ngali" hata moja, mbele ya watoto! Wale wataalamu wawili wakaondoka kivulini kuja kumkamata.

Mize akapanda juu ya meza ya waziri. Nilimwuliza kama hakuona haya, akaniambia haya aliiacha mpakani. "Hamna aibu!" akawapigia kelele. "Mna mchezaji ambaye nchi nyingine zingemlilia, mmemkalisha nyuma ya migongo yenu mpaka anazeeka! Mnamhukumu kwa mechi mliyokataa isichezwe! Mnamlilia mtu mliyemwacha, na siku mliyomwacha hamkumpa hata maji ya kunywa! Nyinyi hampendi mpira. Hata huyo Ubwa hammpendi. Mnapenda kilio chenu tu, mnakaa nacho, mnakibembeleza, na kijana wa watu anakwisha! Geuzeni viti!"

Alipomaliza, umati mzima ulikuwa unalia. Vuai akamsaidia kushuka mezani, machozi yanamdondoka kidevuni.

"Laiti," akasema, "ungalikuja kutuambia haya mapema!"

"Laiti!" umati ukaitikia, na papo hapo ikaundwa kamati ya kujutia kwa nini Mize hakualikwa misimu iliyopita.

Mize aliniambia kwamba katika maisha yake ametukanwa, amerushiwa chupa, amefukuzwa mpaka chumba cha kubadilishia nguo, lakini hajawahi kushindwa kama alivyoshindwa na makofi yale.

Sasa, kwa sababu ya msisimko, Baraza likapitisha jambo ambalo halijawahi kupitishwa. Vuai akatangaza kwamba Kosa litarekebishwa leo hii. Tupo watapewa Siye, na Laiti watarudishiwa Ubwa wao. Wakaitwa nahodha wa Tupo, mwanamume mkavu anayeitwa Khatibu, na Ubwa mwenyewe. Ubwa alikuwa mtu wa kawaida kabisa, goti limefungwa bendeji, shavu limejaa chungwa. Alipomwona Machano wakakumbatiana, wakaulizana habari za wazee.

"Mlijuaje," Vuai akamwuliza Khatibu kwa unyenyekevu, "kwamba huyu ndiye wa kumchagua?"

"Hatukujua," Khatibu akasema. "Nyinyi mlichukua mmoja, akabaki yeye. Tukamchukua, tukamfundisha. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga mipira inakwenda kwa majirani."

Ubwa akatikisa kichwa kukubali. Watu wa Laiti walidhani ni fumbo, wakaitikia kwa heshima.

Khatibu akamgeukia Machano. Alikuwa mtu pekee katika shughuli ile yote aliyekumbuka kumwuliza. "Unakuja, ndugu yangu?"

Machano akaitazama jezi yake. "Huko nitacheza?" akauliza.

"Leo hii. Namba kumi imekaa tu, mwenzetu anaumwa tumbo."

"Nilitaka nicheze na hii," Machano akasema, na alisema hivyo kwa Mize, si kwa Khatibu. Kanuni za nchi zote mbili ziliruhusu kubadilishana kabla ya filimbi, na zisingaliruhusu, Mize angeruhusu mwenyewe kwa ukaidi. Machano akaivua jezi polepole, akaikunja vizuri, akampa Ubwa. Kisha akauvuka mstari wa katikati, akaenda upande wa Tupo.

Mguu wake wa pili haujagusa nyasi za upande ule, mama muuza vitumbua akapiga ukunga. "Jamani! Tumempoteza Machano!"

Ikawa kama msiba umeingia. "Machano! Machano wetu!" Jina lililokuwa marufuku likajaa kila kinywa, wanaume wakavua kofia, watoto wakafundishwa hapohapo kulitamka. Mwalimu mwembamba akathibitisha kwamba mvua sasa ndiyo basi. Waigizaji wakaitwa wajifunze tukio jipya, na wa kwanza kuvaa bendeji gotini akazomewa alipotokea. Watu wakachomoa vibandiko vyao vya NILISEMA, wakavifuta vumbi, wakavibandika tena, maana kila mmoja alikuwa amesema, dakika chache tu zilizopita, kwamba Machano asitolewe.

Ubwa alikuwa amesimama na jezi mkononi. "Mheshimiwa," akasema, "mimi ndiye Ubwa. Yule mliyekuwa mkimlilia."

Vuai alimwangalia kwa huruma ya mtu anayemwona mwenye bahati mbaya. "Siye," akasema, akageukia ukuta.

Mize akapuliza filimbi. Hakuomba ruhusa ya Baraza, na Baraza halikusikia, kilio kilikuwa kikubwa. Wachezaji wa Laiti walitazamana, kisha mmoja akaupiga mpira, mwingine akaukimbilia, na kwa mara ya kwanza mechi ikachezwa katika uwanja ule. Ubwa alijitahidi na goti lake. Lakini hakuna aliyemkamata Machano siku ile. Alipokea mpira karibu na mstari wa kulia, akampita wa kwanza kwa chenga ambayo Mize hakuwahi kuiona, akampita wa pili bila kumgusa, kipa akatoka, akamwinulia mpira juu ya kichwa taratibu kabisa, ukaangukia wavuni. Mize alisahau kuandika dakika. Wachezaji wa Laiti wenyewe walisimama wakampigia makofi.

Machano hakushangilia. Alikimbia moja kwa moja mpaka chini ya jukwaa kuu, kifua kinapanda na kushuka, uso unang'aa kama wa mtoto. Juu yake palikuwa na migongo, safu juu ya safu, inatikisika kwa kwikwi. Akanyoosha mkono akaugusa mgongo wa Vuai.

"Mheshimiwa," akasema. "Nimefunga. Mimi hapa. Geuka unione."

"Tafadhali, kijana," Vuai akasema bila kugeuka, sauti imemkauka kwa kulia. "Kaa kimya kidogo. Tunamlilia Machano."